Shilingi ya mzee hutoka kwa nani

Chukua watu watatu wa pwani ya Kenya, wote wamefika miaka 70. Wa kwanza ni mwalimu mstaafu wa Langoni, Lamu Mjini. Wa pili alikuwa mpishi katika hoteli za ufuoni Malindi. Wa tatu ni mvuvi wa Kizingitini, Kisiwa cha Pate. Mwalimu alistaafu akiwa na miaka 30 ya utumishi na mshahara wa shilingi 60,000 kwa mwezi. Akapewa kiinua mgongo cha shilingi 2,700,000, na tangu hapo anaingiziwa 33,750 kila mwezi hadi siku ya kufa kwake. Mpishi, hata tukimhesabia kiwango cha juu cha NSSF ya zamani, mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, kwa miaka 30 bila kukosa mwezi, alikuwa na 144,000, na riba juu yake. Akalipwa mara moja, basi. Mvuvi anapata 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwalipa wazee, zikifika.

Wengi wakiiona hesabu hii husema mwalimu alijiwekea akiba nyingi, mpishi kidogo, na mvuvi anasaidiwa na serikali. Sivyo ilivyo. Katika hao watatu, aliyejiwekea ni mpishi peke yake. Mwalimu na mvuvi wote wanalipwa kwa pesa za kodi, na kodi hiyo mvuvi naye aliilipa maisha yake yote. Ukitaka kujua pensheni ya umma inamnufaisha nani, usitazame anayepokea tu. Ifuate shilingi nyuma hadi mfukoni ilikotoka.

Safari za shilingi

Pesa ya pensheni huweza kusafiri kwa njia kadhaa, mara nyingi kwa pamoja, na ndiyo maana watu wawili waweza kubishana wakiwa wote wana haki.

Njia nyepesi ni ya kutoka ujanani kwako kwenda uzeeni kwako. Unakatwa leo, unapewa baadaye. Hapo hakuna mtu mwingine aliyepoteza wala kupata.

Njia ya pili ni kutoka kwa wanaofanya kazi sasa kwenda kwa wazee wa sasa. Mfumo wa namna hii hauweki akiba: makato ya mwezi huu hulipa wazee wa mwezi huu. Kizazi cha kwanza hupata karibu bure. Marekani ilipoanza kulipa pensheni ya kila mwezi Januari 1940, mpokeaji wa kwanza, Ida May Fuller, alikuwa amekatwa dola 24.75 tu kwa jumla. Hundi yake ya kwanza ilikuwa ya dola 22.54. Akaishi hadi miaka 100, na jumla aliyopokea ikapita dola 22,000. Tofauti hiyo ililipwa na waliokuwa kazini nyuma yake.

Ya tatu ndiyo watu huifikiria wakisikia neno kugawana: kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho. Hii haitokei yenyewe. Lazima iandikwe ndani ya kanuni ya kukokotoa. Ujerumani, iliyotunga sheria yake ya pensheni ya wafanyakazi mwaka 1889, ilifuata mkondo wa kumlipa mtu kwa uwiano wa alichochangia: aliyekuwa juu kazini hubaki juu uzeeni. Uingereza mwaka 1908 iliamua vingine, ikatoa hadi shilingi 5 za Kiingereza kwa wiki kwa maskini wa miaka 70 na zaidi, kutoka kodi, bila mchango. Marekani imechukua katikati. Kwa viwango vya 2025, mstaafu hurudishiwa asilimia 90 ya dola 1,226 za kwanza za wastani wa mapato yake ya mwezi, asilimia 32 ya kinachofuata hadi dola 7,391, na asilimia 15 ya kinachozidi hapo. Mwenye wastani wa dola 1,226 anapata kama dola 1,103, yaani asilimia 90. Mwenye wastani wa 7,391 anapata kama 3,076, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 42. Kila mmoja alikatwa asilimia ileile. Kugawana kote kumo ndani ya ngazi hizo tatu za kukokotoa.

Halafu kuna njia ambayo haitajwi mara nyingi, nayo ina nguvu kuliko inavyodhaniwa: kutoka kwa wanaokufa mapema kwenda kwa wanaoishi sana. Malipo yoyote ya mwezi hadi kufa huenda hivyo. Anayefariki miezi sita baada ya kustaafu ameacha fungu lake, na fungu hilo ndilo linalomlipa aliyefika miaka 95. Si dhuluma, ndiyo bima yenyewe, kwani hakuna ajuaye siku yake. Tatizo ni kwamba maskini, kwa wastani, hufa mapema kuliko matajiri. Basi mfumo waweza kumpendelea maskini kwenye kanuni ya kukokotoa, kisha ukamnyang'anya kwa umri.

Mwalimu: pensheni isiyo na mfuko

Pensheni ya zamani ya watumishi wa umma nchini Kenya, ikiwemo ya walimu, huhesabiwa hivi. Chukua idadi ya miezi ya utumishi, gawanya kwa 480, zidisha kwa mshahara wa mwaka mtu anapostaafu. Miezi 360 kwa 480 ni robo tatu. Mshahara wa 60,000 kwa mwezi ni 720,000 kwa mwaka, kwa hiyo pensheni ya mwaka ni 540,000. Mstaafu anaruhusiwa kubadilisha robo yake kuwa pesa taslimu: 135,000 mara 20, ndizo zile 2,700,000. Robo tatu iliyobaki, 405,000, hugawanywa kwa miezi 12.

Hakuna mfuko uliokuwa ukikua mahali kwa ajili ya malipo haya. Yanatoka hazina kuu, kwa kodi ya mwaka husika. Ukikadiria kwamba mstaafu huyu ataishi miaka 15 baada ya kustaafu, jumla ni 2,700,000 na 6,075,000, yaani karibu shilingi milioni 8.8. Haki ya mwalimu isipuuzwe hapa: mshahara wake ulipangwa huku pensheni ikihesabiwa kuwa sehemu ya ujira, kwa hiyo kiasi fulani ni ujira uliocheleweshwa. Lakini anayeulipa ujira huo uliocheleweshwa ni kila mnunuzi wa sabuni na petroli, akiwemo ambaye hajawahi kuajiriwa hata siku moja.

Ndani ya kundi la watumishi wenyewe pia kuna kugawana, na kunakwenda upande usiotarajiwa. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni mshahara wa mwisho, kupandishwa cheo mwishoni huongeza thamani ya miaka yote ya nyuma. Mwalimu yuleyule angepanda hadi 80,000 karibu na kustaafu, kiinua mgongo kingekuwa 3,600,000 na malipo ya mwezi 45,000, kana kwamba alipokea 80,000 kwa miaka yote 30. Aliyebaki daraja moja katika shule ya Faza kwa miaka 30 hapati nyongeza kama hiyo. Na aliyeacha kazi kabla ya kutimiza miaka 10 hapati pensheni ya mwezi kabisa.

Tangu Januari 2021 kuna mpango mpya kwa watumishi walio chini ya miaka 45 wakati huo na wanaoajiriwa baadaye. Mtumishi hukatwa asilimia 7.5, ingawa ilianza kwa 2 na 5 katika miaka miwili ya mwanzo, na serikali huongeza asilimia 15. Kwa mshahara wa 60,000 hiyo ni 4,500 na 9,000, na pesa hukaa katika akaunti ya mtu. Serikali sasa inabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: kuwalipa wastaafu wa mpango wa zamani na kuwachangia wa mpango mpya. Kipindi cha mpito cha namna hii huchukua miongo, na mlipakodi wa sasa ndiye hulipa mara mbili.

Mpishi: akiba ya lazima

NSSF iliundwa mwaka 1965 kama mfuko wa akiba, kwa maana halisi ya kibubu: unachotia, pamoja na riba, ndicho unachotoa. Kwa miaka mingi mchango ulikuwa na dari ya shilingi 200 kwa mfanyakazi na 200 kwa mwajiri. Mwenye mshahara wa 8,000 alikatwa asilimia 2.5 ya ujira wake; mwenye 80,000 alikatwa robo ya asilimia moja. Hata hivyo hatuwezi kusema maskini alimlipia tajiri, kwa sababu kila mmoja alirudishiwa chake. Kosa la mpango ule lilikuwa udogo. Shilingi 400 kwa mwezi kwa miaka 30 ni zile 144,000.

Sheria ya mwaka 2013, iliyokwama mahakamani hadi Februari 2023, iliweka asilimia 6 kwa mfanyakazi na 6 kwa mwajiri, kwa ngazi mbili zinazopanda kila mwaka. Kuanzia Februari 2025, ngazi ya kwanza ilihesabiwa kwa shilingi 8,000 za mwanzo za mshahara, ya pili kwa kinachozidi hapo hadi 72,000, na ratiba ikaipangia dari kufika 108,000 katika mwaka wa nne. Kwa viwango hivyo vya 2025, mpishi wa mshahara wa 25,000 alikatwa 480 za ngazi ya kwanza na 1,020 za ngazi ya pili, jumla 1,500, na mwajiri alitoa kiasi hichohicho. Mwajiri anaweza kuomba michango ya ngazi ya pili iende kwenye mpango mwingine wa pensheni uliosajiliwa.

Kwamba mwajiri "anatoa" nusu ni jambo la kuangalia kwa makini. Kwa muda mfupi ni kweli. Kwa muda mrefu, mwenye hoteli hupiga hesabu ya gharama nzima ya mfanyakazi, na nyongeza ya mshahara ambayo ingekuja mwaka kesho ndiyo hupungua. Sehemu kubwa ya ile nusu ya pili, mwishowe, hutoka kwa mpishi mwenyewe.

Malindi na Watamu zina shida yao ya pekee: msimu. Baada ya Pasaka kusi likivuma na Waitaliano wakirudi kwao, hoteli hupunguza watu hadi katikati ya mwaka. Mpishi wa mkataba wa miezi 8 kwa mwaka anaweka 3,000 mara 8, yaani 24,000, badala ya 36,000. Kwa miaka 25 hiyo ni 600,000 badala ya 900,000, kabla ya riba. Ukizigawa 600,000 kwa miaka 15 ya uzee unapata shilingi 3,333 kwa mwezi. Na huyo ni mtu aliyekatwa kwa kiwango kipya, kwa robo karne, bila mwajiri kukosea.

Waajiri hukosea. Kosa la kawaida ni makato kuonekana kwenye hati ya mshahara lakini yasifike kwenye mfuko. Michango hutakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mfanyakazi anayefungua taarifa yake ya NSSF mtandaoni au ofisini kila baada ya miezi mitatu atauona mwanya mapema. Anayesubiri miaka 20 atakuta kampuni imefungwa na hoteli imeuzwa. Kosa jingine ni la namba: wa msimu akiajiriwa upya, mwajiri mpya humsajili kwa namba nyingine au kwa jina lililoandikwa tofauti na kitambulisho, na michango ikatawanyika. Hati zote za mishahara zitunzwe. Ndizo ushahidi wa kuunganisha akaunti. Na jina la mrithi lililojazwa kabla ya ndoa libadilishwe.

Kwa ufupi, NSSF haimpi maskini chochote kutoka kwa tajiri. Hata mpango wake wa hiari wa Haba Haba, unaomruhusu mchukuzi wa punda au fundi wa jahazi wa Matondoni kuweka kuanzia shilingi 25 kwa siku, ni akiba yake mwenyewe. Ni jambo jema, lakini tusiuite mgawanyo wa kipato.

Mvuvi: anayelipa bila kuhesabiwa

Inasemwa mara kwa mara kwamba wasio na ajira rasmi hawalipi kodi. Mvuvi wa Kizingitini hana makato ya mshahara, kweli. Lakini petroli ya mashine ya boti ina VAT ya asilimia 16 tangu Julai 2023, juu ya ushuru mwingine, ukiwemo ule wa matengenezo ya barabara wa shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024. Naam, ushuru wa barabara, kwa mafuta yanayochomwa baharini. Nyavu, sabuni, muda wa maongezi, vyote vimebeba kodi.

Kutoka kodi hiyo anarudishiwa 2,000 kwa mwezi. Malipo ya wazee yalianza kwa wachache mnamo 2006, kwa wazee maskini wa miaka 65 na zaidi katika maeneo teule. Mwaka 2018 yakapanuliwa kwa kila mwenye miaka 70 asiyekuwa na pensheni ya serikali. Kwa upande wa kugawana, huu ndio mpango ulioelekezwa sawasawa kuliko yote mitatu: kiasi ni kimoja kwa wote, na 2,000 ni nyingi kwa asiye na kitu kuliko kwa mwenye nyumba ya kupangisha Shela. Pia ndio unaomfikia kwa jina lake mwanamke ambaye hajawahi kuajiriwa. Aliyesuka makuti na kulea watoto miaka 50 hana akaunti ya NSSF, na mume mvuvi hakumwachia pensheni ya kurithi.

Udhaifu wake uko kwenye kiasi, kwenye orodha, na kwenye nafasi yake katika foleni ya malipo.

Kiasi hakifuati bei. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 shilingi 2,000 hununua kile kilichonunuliwa kwa 1,000 mwanzoni. Pensheni isiyofungamanishwa na bei hupunguzwa kila mwaka bila yeyote kupiga kura kuipunguza.

Orodha ilifungwa baada ya usajili wa kwanza, na waliotimiza 70 baadaye wakakaa miaka wakingoja. Halafu kuna kitambulisho. Wazee wengi walikisiwa mwaka wa kuzaliwa wakati wa kuandikishwa, na aliyekisiwa miaka mitano chini amepoteza miaka mitano ya malipo: 120,000. Wabajuni wa visiwa vya karibu na mpaka walipitia ukaguzi wa ziada kupata kitambulisho, na aliyechelewa kukipata alichelewa kwa kila kitu kinachodai kitambulisho. Vidole vilivyosuguliwa na kamba na nyavu huweza kukataliwa na mashine ya alama. Kwa mkaazi wa Kisiwa cha Pate, kufuata malipo Lamu Mjini ni nauli ya boti kupitia mlango wa bahari wa Mkanda, kwenda na kurudi, na ya mjukuu wa kumshika mkono. Kulipa kwa simu kunaondoa nauli lakini kunaleta lake: laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu huyohuyo.

Ama foleni, hapa ndipo penye siri ya kwa nini 2,000 huchelewa. Pensheni za watumishi wa umma ni miongoni mwa malipo yanayotozwa moja kwa moja kwenye hazina kuu, pamoja na deni la taifa, kabla ya wizara kupewa chochote. Mstaafu wa umma hucheleweshwa faili lake, lakini haki yake kisheria iko mbele. Pesa za Inua Jamii ziko ndani ya bajeti ya kila mwaka, hupangwa upya na kutolewa makusanyo yakiruhusu. Mwaka wa ukame wa hazina, wa mwisho kwenye foleni ndiye anayeukopesha umma, bila riba.

Pesa ikishaingia nyumbani

Shilingi haikomi kwa mzee. Afrika Kusini, pensheni ya wazee ilipoongezwa kwa Waafrika hadi kulingana na ya Wazungu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchumi Esther Duflo alikuta kwamba wasichana walioishi na bibi anayepokea walikua vizuri zaidi. Babu alipokuwa mpokeaji, hakuona matokeo hayo. Utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo ulionyesha upande wa pili: watoto walio mbali walipunguza pesa walizokuwa wakimtumia mzazi, kwa kama robo ya alichoongezewa. Kwa hiyo sehemu ya pensheni ya mama aliye Siyu humfaidi kijana wake aliye Mombasa, ambaye sasa anamtumia kidogo. Si vibaya, mradi tusihesabu 2,000 zote kuwa zimebaki kisiwani.

Kuna malipo mengine ya uzeeni ambayo hayaitwi msaada kwa kuwa hayapiti mkononi mwa mtu: nafuu ya kodi. Tangu Desemba 2024, mfanyakazi huweza kuchangia pensheni hadi 30,000 kwa mwezi bila kiasi hicho kutozwa kodi ya mapato. Mwenye mshahara wa 150,000 yuko kwenye daraja la asilimia 30, basi akichangia kiasi chote anaokoa kodi ya 9,000 kila mwezi. Mpishi wa 20,000 hapati chochote, kwa sababu nafuu ya binafsi ya 2,400 ilishafuta kodi yake yote. Pesa ambayo hazina imeacha kuikusanya kwa mtu mmoja wa mshahara mkubwa ingewalipa wazee wanne na nusu wa Inua Jamii.

Umri au kiasi

Mjadala wa kuboresha malipo ya wazee huwa na mapendekezo mawili, na watu huyachanganya kana kwamba ni kitu kimoja: kuongeza kiasi, au kushusha umri. Hayawanufaishi watu walewale.

Tuseme 2,000 inaongezwa kuwa 4,000, umri ukibaki 70. Anayefariki akiwa na miaka 68 anapata sifuri, kama zamani. Wa miaka 72 anapata 96,000 badala ya 48,000. Wa miaka 85 anapata 720,000 badala ya 360,000. Tuseme badala yake umri unashushwa hadi 65 na kiasi kinabaki 2,000. Wa 68 anapata 72,000 ambazo hakuwa nazo. Wa 72 anapata 168,000. Wa 85 anapata 480,000. Pendekezo la kwanza linampa nyongeza kubwa aliyeishi sana, na la pili linawafikia waliochoka mapema: mpasua boriti za mikoko, mpiga mbizi, mchimba mawe ya matumbawe. Kushusha umri kuna gharama yake, kwani walio kati ya 65 na 69 ni wengi, na ndiyo sababu wizara za fedha hupenda zaidi kuongeza kiasi kidogo kwa wachache.